Kabla Hujamkabidhi Fundi Ufunguo: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Hela ya Ufundi

Bei ya spea unaweza kuiulizia maduka mawili matatu ukajua inakoangukia. Hela ya ufundi haiko hivyo. Mara nyingi hutajwa gari likiwa limeshafunguliwa, vipande viko chini, na mwenye gari hana tena nguvu ya kukataa. Kwa hiyo mapatano yafanyike wakati gari bado linaweza kuondoka gereji, hata kwa kuvutwa.

Kabla ya kwenda, andika dalili. Mlio unatoka wapi? Unatokea injini ikiwa ya baridi au ikishapata moto, unapokata kona au unapokanyaga breki? Mpe fundi dalili hizo, usimpe jina la spea. Ukimwambia "nibadilishie sensa" akaibadilisha na tatizo likabaki, amefanya ulichomtuma na anastahili ujira wake. Ukimweleza dalili, akapima mwenyewe, jibu analolitoa ni lake, na likiwa si sahihi una haki ya kumuuliza.

Kupima nako ni kazi, na ninaamini kunapaswa kulipiwa. Fundi asiyelipwa kwa kutafuta tatizo atajikuta anatafuta hela yake kwenye kubadilisha vitu. Ila ujue unalipia nini. Kuchomeka mashine kwenye kompyuta ya gari na kusoma msimbo, yaani namba ya hitilafu, ni mwanzo tu. Msimbo P0171, kwa mfano, unasema injini inapata hewa nyingi kulinganisha na mafuta. Hausemi kwa nini. Huenda kuna mpira wa hewa uliopasuka, au sensa ya hewa imechafuka, au pampu ya mafuta imechoka. Anayesoma msimbo huo na papo hapo kukutuma dukani anabahatisha kwa fedha yako. Muulize amethibitishaje. Na ukubaliane naye mapema kama hela ya kupima itakatwa kwenye bei ya matengenezo.

Kuhusu ufundi wenyewe, gereji nyingine hutoza kwa saa, nyingine kwa kazi nzima. Wanaotoza kwa saa wengi hufuata muda uliokadiriwa kwenye mwongozo wa gari husika, siyo saa ya ukutani. Fundi mzoefu akimaliza mapema, bei haishuki, na akikwama, haipandi. Huo si wizi, mradi umeambiwa tangu mwanzo.

Swali linalookoa hela nyingi kuliko yote ni hili: ukishafika huko ndani, kuna kitu gani kingine cha kubadilisha kwa ufundi uleule? Kwenye kubadilisha klachi, kazi kubwa ni kushusha gia boksi. Ikishashuka, rilizi beringi (beringi inayosukuma klachi ukikanyaga pedali) ibadilishwe palepale, na sili ya nyuma ya krenkshafti, inayozuia oili ya injini isitoke, ikaguliwe, kwa sababu ikianza kuvuja baadaye gia boksi itashushwa upya na utalipa upya. Vivyo hivyo kwenye injini ambazo pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa taimingi: anayebadilisha vyote viwili kwa pamoja hafungui mara mbili, basi asitoze ufundi kamili mara mbili. Uliza pia kazi zinazofuata. Tairodi (chuma kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye gurudumu) ikibadilishwa, magurudumu yapimwe alaimenti, yaani kama yamenyooka. Bomba la breki likifunguliwa, lazima upepo utolewe. Je, hayo yamo kwenye bei?

Fundi wa haki humpati kwa kuuliza nani ana bei ndogo. Waulize wenye gari la aina yako, na waulize ni nani aliyewahi kuwaambia "hiki bado kizima, endelea nacho." Angalia pia fani yake: hodari wa injini si lazima awe hodari wa umeme. Ukiweza, mjaribu kwa kazi ndogo kama ya brek pedi kabla hujampa injini.

Mkishakubaliana, yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: kazi, spea ni mpya au iliyotumika, ufundi ni kiasi gani, na kwamba hakuna nyongeza bila kukupigia kwanza. Dhamana iulizwe kwa undani, kwani spea ikifa mapema unaweza kupewa nyingine bure na bado ukalipia kuifungua na kuifunga. Ukileta spea yako mwenyewe, mafundi wengi hawatadhamini, na sioni kosa lao. Sema mapema kwamba unataka kuona spea ya zamani, maana nyingine, kama alternata (inayochaji betri), hurudishwa kwa muuzaji.

Fedha ya spea inaweza kutangulia. Ya ufundi, angalau sehemu yake, ibaki mpaka wewe na fundi mmeliendesha gari pamoja, katika hali ileile iliyokuwa ikileta tatizo.