Amri inasema hivi, upendo unasema vile, sasa unaamuaje? Namna ya kutumia agape bila kujidanganya

Watu wakisikia habari ya maadili ya hali, yani lile fundisho kwamba Mkristo aangalie hali iliyopo mbele yake na kipimo chake kiwe upendo peke yake, ule upendo wa kumtakia mtu mema bila masharti unaoitwa agape, wanagawanyika mara mbili. Mmoja anasema huo ni uzinzi umevalishwa kanzu. Mwingine anafurahi kweli kweli maana anaona kapewa leseni. Mi naona wote wawili wameishika nusu nusu, ndo maana naandika hapa jinsi ya kuitumia kwa mtu wa kawaida wa Kigoma, mwenye kikoba, mwenye jumuiya, mwenye majirani asiowapenda, na pale ninapoikataa ntasema pia.

Aliyeipa umaarufu ni Joseph Fletcher, padre wa Kianglikana wa kule Marekani, kitabu chake kilitoka 1966. Anasema watu wanaamua kwa njia tatu. Yupo anayeshika sheria hata kama inamkanyaga mtu, yupo asiye na sheria yoyote anaamua anavyojisikia asubuhi hiyo, halafu katikati yupo anayeingia kwenye jambo akiwa amebeba amri zote alizofundishwa na kanisa lake, anaziheshimu kabisa, ila yuko tayari kuiweka amri pembeni kama upendo kwa jirani unadai hivyo. Huyo wa katikati ndo anamtaka. Sasa watu wanaruka hicho kipande cha kubeba amri, wanabaki na upendo tu, halafu wanashangaa mambo yanavyoharibika.

Kwa hiyo anza na amri. Usianze na upendo, najua inasikika kinyume. Jiulize hii amri iliwekwa kumlinda nani. Kwenye Marko 2 wanafunzi wanavunja masuke siku ya sabato, Mafarisayo wanalalamika, Yesu hasemi sabato imefutwa, anawakumbusha Daudi alivyokuwa na njaa akala mikate ya wonyesho, kisha anasema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Yani anawarudisha kwenye swali la sabato ni ya nani. Ukishajua amri inamlinda nani, hapo ndo unaweza kuona kama leo inamlinda au inamuumiza yule yule.

Tuchukue kesi ya huku huku. Tuseme we ni mshika ufunguo wa kikoba pale Kibirizi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, katiba yenu inasema sanduku halifunguliwi mpaka siku ya kikao wanachama wakiwa wamekaa wanaona. Leo Jumanne, saa tatu usiku, mwenzenu anagonga mlango, mtoto homa imepanda ameanza kushtuka shtuka, zahanati wamemwambia awahi hospitali ya Maweni, hana hata hela ya bajaji wala ya dawa akifika, na kikao ni Jumamosi. "Dada yangu nifungulieni, Jumamosi narudisha mbele ya watu wote."

Mshika sheria anasema katiba ni katiba, anafunga mlango. Asiye na sheria anatafuta nyundo. We fanya hivi, chukua sekunde chache tu, huna haja ya semina, hesabu kichwani ni akina nani wamo kwenye hili jambo. Mtoto yumo, mama yake yumo. Lakini wamo pia wale wote ambao hawako mlangoni usiku huu, yule mama wa mawese aliyeweka hisa kwa mia tano mia tano, yule bibi anayesubiri mgao ili mjukuu aende fomu wani. Hiyo hela ni yao na kufuli zile tatu ziliwekwa kwa ajili yao. Fletcher hapa yuko vizuri sana, anasema haki na upendo ni kitu kimoja, haki ni upendo ukishagawanywa kwa watu wengi. Kwa hiyo huwezi kusema nimempenda huyu huku umewaibia ishirini waliolala.

Sasa kabla hujagusa sanduku tafuta njia ya tatu, na uitafute kweli. Kikoba chenu kina mfuko wa jamii? Huo si ndo ulitengwa kwa misiba na magonjwa, labda mwekahazina anakaa nao mkononi. Hamna? Haya, we mwenyewe una shingapi ndani? Wale washika funguo wenzako wawili wana shingapi? Kijana wa bajaji mnayemjua hawezi kupeleka leo akalipwa kesho? Tupia meseji kwenye grupu uone. Mara nyingi kesi inaishia hapa, na ukichunguza unakuta hakukuwa na ugomvi wowote kati ya amri na upendo, ila mfuko wako ulikuwa hautaki kuguswa ndo maana ukakimbilia hela ya kikundi. Ni rahisi sana kuwa na upendo kwa hela ya wenzako.

Ikishindikana kote, hapo mimi nafungua. Ila sifungui peke yangu kwa bisibisi. Wanaamshwa washika funguo wote, mwenyekiti anapigiwa, jirani mmoja anaitwa ashuhudie, hela inahesabiwa kwa sauti, kinachotoka ni kile kinachohitajika na si zaidi, inaandikwa daftarini palepale na grupu linaambiwa usiku huo huo, sio Jumamosi. Yani amri ya kutofungua umeiweka pembeni, lakini kile ilichokuwa inalinda umeendelea kukilinda kwa mkono mwingine.

Kitu kingine cha kujiuliza, nani analipa gharama ya huu uamuzi? Hiki kipimo mi nakipenda kuliko vyote. Ukiona amri inavunjwa, anayefaidi ni wewe na anayebeba mzigo ni mwingine, acha, hata kama umelia machozi ya upendo. Vijana wa kwaya mnanielewa. "Kama unanipenda utakubali" haijawahi kuwa agape, maana agape inatoa haidai risiti. Upande wa pili waangalie wakunga wa Kiebrania kwenye Kutoka 1, Shifra na Pua, walimdanganya Farao ili watoto wa kiume wasiuawe. Wangekamatwa, shingo zilizokuwa zinakwenda ni zao.

Na huu upendo hauhusiani na kumpenda mtu moyoni, yani kujisikia vizuri ukimwona. Hapa wengi tunakwama. Jirani yako mlitukanana wiki iliyopita pale mwaloni, kesi bado iko kwa mwenyekiti wa mtaa. Leo kaanika dagaa wake mchangani, kaenda Mwanga sokoni, na wingu limefunga ghafla. Unajua kabisa dagaa wakinyeshewa wananuka, wanaishia kuwa chakula cha kuku, mtaji umekwenda. Unanyanyuka unawaanua, unawafunika na turubai lako. Hujamsamehe bado pengine, bado unamwona mshenzi, sawa tu, umemtakia mema na umeyatenda. Hilo ndo lisilo na masharti. Na akirudi asiposema asante usiende kumdai.

Sasa pale ninapoachana na Fletcher. Ana mfano wake maarufu wa mama Mjerumani aliyeshikwa na Warusi baada ya vita, akapelekwa kambini Ukraine, mume na watoto wako nyumbani wanamtafuta. Kambi ilikuwa inaachia mgonjwa mahututi au mjamzito tu, basi akamwomba askari mmoja ampe mimba, akaachiwa, akarudi, familia ikampokea na mtoto ikampenda. Stori inagusa. Lakini angalia, tunasimuliwa na mtu anayejua mwisho wake. Yule mama usiku ule hakujua kama mume atampokea, na we usiku wako hutajua pia. Ukisema lengo ndo linahalalisha njia, ujue lengo liko kesho na njia iko mkononi mwako leo, unayoiona ni moja tu kati ya hizo mbili. Ndo maana mimi naipa amri uzito mkubwa kuliko yeye, amri imeona kesho nyingi za watu wengine.

Wakatoliki mjue tu kwamba kanisa lenu lilishaikataa mapema hii habari ya maadili ya hali, Papa Pius XII aliisema 1952 na mwaka 1956 Vatikani ikakataza isifundishwe seminarini, kabla hata kitabu cha Fletcher hakijatoka, maana mawazo yenyewe yalikuwa yanazunguka Ulaya. Mprotestanti wa Scotland, William Barclay, naye alisema ingefaa kama watu wote wangekuwa watakatifu. Hoja nzito hiyo. Kwa hiyo ukienda nayo kwa paroko au mchungaji usitegemee kupigiwa makofi.

Ukishaamua, usiifanye iwe sheria mpya. Mliyofungua Jumanne kwa ajili ya mtoto isije ikawa Alhamisi mtu anataka kufunguliwa kwa sababu ya sare ya harusi, akikwambia "mbona yule mlimfungulia". Na kama wanachama wakikasirika wakakupiga faini, lipa. Usianze kuwahubiria Wakorintho wa kwanza 13, wana haki yao. Ukishalipa omba ajenda moja kwenye kikao hicho hicho, kuwe na mfuko wa dharura unaokaa nje ya sanduku, kiasi gani, anashika nani, na nani apigiwe simu usiku, halafu kiandikwe kwenye katiba na kila mtu asaini.