Jinsi ya kumfundisha kijana kucheza shotistopu

Ukitaka shotistopu, mmoja wa wadakaji wa timu ya besiboli, mtaani kwetu Umoja, usianze kwa kuangalia nani anapiga mbali. Mtafute yule binti asiyeguswa na mpira kwenye mchezo wa kati, ama kijana anayedaka vizuri kwenye raundas. Sharti arushe kwa mkono wa kulia. Shotistopu husimama kati ya besi (vituo vya mkimbiaji) ya pili na ya tatu, na besi ya kwanza iko kushotoni kwake. Anayerusha kwa kushoto hulazimika kugeuza mwili mzima, na mpigaji anayekimbilia besi hiyo ana mita 27.4 tu za kukimbia.

Vijana wangu mimi huwasimulia kwanza habari za Mario Mendoza, mzaliwa wa Chihuahua, Meksiko. Aliingia ligi kuu ya Marekani mwaka 1974 na Pittsburgh Pirates, akahamia Seattle Mariners, akamalizia Texas Rangers mwaka 1982. Gongo lilimshinda: wastani wake wa kupiga (sehemu ya zamu alizopiga akafaulu) wa miaka yote ni .215, na mwaka 1979 ulishuka hadi .198. Ndiyo maana Wamarekani huiita .200 mstari wa Mendoza, na mpigaji akianguka chini yake huonekana hafai. Naona jina hilo linamdhulumu. Mtu hapangwi ligi kuu misimu 9 kwa huruma! Alipangwa kwa sababu ya kudaka. Kwao aliitwa Mikono ya Hariri, akawa meneja baada ya kustaafu, na mwaka 2000 akaingizwa katika ukumbi wa heshima wa besiboli ya Meksiko.

Sasa mazoezi. Glavu weka kando. Mvalishe patipati kwenye kiganja cha kushoto, mrushie mpira wa tenisi chinichini. Patipati haishiki kitu, kwa hiyo mkono wa kulia lazima uje kuufunika mpira, na viganja vitajifunza kurudi nyuma kidogo badala ya kuupiga. Miguu ipanuke kupita mabega, makalio chini, kiganja kiguse udongo kabla mpira haujafika. Mkono hupanda upesi, kushuka huchelewa.

Viwanja vyetu ni vya murram, mpira unaruka unavyotaka, basi mkataze kabisa kuusubiri. Aufuate. Audake pale pale unapotoka ardhini, ama ukiwa umefika juu na kuanza kushuka. Katikati ya hapo ndipo midomo hupasuka.

Akishadaka, hatua ya kulia, hatua ya kushoto, arushe, vidole viwili vikiwa vimekatiza mshono ili mpira uende moja kwa moja. Akisimama palepale na kurusha kwa nguvu za bega peke yake, mrudishe aanze upya, hata kama mpira ulifika.

Glavu mpe siku mirusho yake itakapofika besi ya kwanza bila mwenzake kuhama. Kupiga kutafuata, dakika za mwisho za mazoezi zinatosha.