Kuchagua Mtaala wa Uandishi na Sarufi kwa Kijana Anayesomea Nyumbani

Kabla hujafungua mtaala wowote, mwombe kijana akuandikie kazi mbili bila msaada wako wala wa programu ya kusahihisha maandishi: insha fupi ya kutetea jambo analoliamini, na muhtasari wa makala aliyoisoma. Mitaala mingi hupangwa kwa madarasa ya shule, ilhali kijana wa miaka 14 anaweza kuwa na sarufi safi na hoja zisizosimama, na mwenzake wa umri huohuo akawa na mawazo mazito yaliyorundikwa katika sentensi zisizokwisha. Kila mmoja wao anahitaji kitabu tofauti.

Soma kazi hizo mara mbili. Mara ya kwanza angalia hoja: dai linaeleweka, linaungwa mkono, na kila aya ina kazi yake? Mara ya pili orodhesha makosa ya lugha kwa makundi, yaani upatanisho wa kisarufi, uakifishaji, tahajia na muundo wa sentensi. Kosa linalojirudia ndilo la kutafutiwa mtaala. Lililotokea mara moja linatosha kuonyeshwa tu.

Wazazi wengi huanzia kwenye sarufi, na sababu yake inaeleweka: majibu yapo nyuma ya kitabu na alama huhesabika. Hata hivyo, mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walichapisha nchini Marekani mapitio ya tafiti kuhusu ufundishaji wa uandishi kwa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, wakaona kwamba sarufi inayofundishwa peke yake, mbali na uandishi, haikuboresha insha za wanafunzi. Zilizosaidia ni mbinu kama kumfundisha mwanafunzi waziwazi namna ya kupanga, kuandika na kurekebisha kazi yake, kuandika muhtasari, na kuunganisha sentensi fupi kuwa sentensi changamano.

Hilo halimaanishi kwamba sarufi iachwe, kwani kijana asiyejua kiima, kiarifu na kishazi tegemezi (sehemu ya sentensi isiyojitegemea kimaana) hutakuwa na maneno ya kumweleza kwa nini sentensi yake imeyumba. Jambo la kukagua ni kama somo la sarufi linaishia kwenye kuandika. Fungua kitabu katikati, si mwanzoni ambako kila mwandishi hujitahidi. Ikiwa somo la vishazi linamtaka mwanafunzi apigie mstari na kujaza mapengo kisha afunge daftari, liache. Ikiwa linampa sentensi kama “Mvua ilinyesha. Barabara ilikatika. Walimu hawakufika,” likamtaka aziunganishe kwa njia mbili na kueleza tofauti ya mkazo iliyojitokeza, hapo pana mafunzo. Uchanganuzi wa sentensi kwa mishale, jedwali au mchoro wa matawi huwafurahisha baadhi ya vijana, nao hauna ubaya, lakini kwa maoni yangu haustahili kuchukua mwaka mzima.

Kwa upande wa uandishi, usivutiwe na wingi wa insha. Afadhali insha chache zinazopita katika rasimu mbili au tatu kuliko insha ya kila wiki inayopewa alama na kusahaulika. Tafuta pia mifano ya maandishi inayochambuliwa kabla ya mwanafunzi kuandika, na aina mbalimbali za kazi: maelezo, hoja, ufafanuzi, na uandishi unaotumia vyanzo na kuvitaja.

Linalokwamisha familia nyingi ni usahihishaji. Kiongozi cha mwalimu kisiishie kwenye majibu ya sarufi. Kiwe na insha za mfano, nzuri, za wastani na dhaifu, pamoja na maelezo ya kwa nini kila moja imepewa daraja lake. Usipojiamini katika lugha anayoandikia kijana, au kila sahihisho likizua ugomvi mezani, lipia programu yenye mwalimu wa nje, ila uliza kwanza insha hurudishwa baada ya siku ngapi na kama kijana anaruhusiwa kuiandika upya. Maoni yanayokuja baada ya mwezi humkuta amekwisha kusahau alichokuwa akikisema.

Kama kijana atafanya mtihani wa nje, pata silabasi ya mtihani huo, yaani orodha ya mada zinazotahiniwa, na karatasi za miaka iliyopita kabla ya kununua chochote, kwa sababu mtaala mzuri unaoacha aina ya insha inayotahiniwa utakulazimu kununua mwingine.

Mwisho, omba masomo ya majaribio ya mitaala miwili na umwache kijana ayafanye. Akilalamika, mdadisi: kuchoshwa na mifano ya kitoto ni sababu ya kubadili kitabu, kuchoshwa na kurekebisha rasimu si sababu. Sehemu ya sarufi ikimfaa na ya uandishi isimfae, nunua hiyo inayofaa tu na utafute nyingine kwa mchapishaji mwingine.