Kuunganisha swichi za mguu kwenye prosesa ya gitaa

Zima prosesa (kifaa cha kubadili sauti ya gitaa) kabla ya kuchomeka swichi. Prosesa nyingi husoma hali ya swichi zinapowashwa. Ukiwasha huku umekanyaga, kazi ya swichi inaweza kugeuka kinyume.

Kwa swichi mbili tumia kebo ya stereo ya 6.35 mm. Itazame plagi: iwe na mistari miwili myeusi. Kebo ya kawaida ya gitaa ina mmoja tu, nayo hufanya prosesa ione swichi ya pili imekanyagwa muda wote.

Kisha kwenye menyu chagua aina: inayorudi yenyewe au inayobaki ilipobonyezwa. Kwa kugonga tempo ya diley, yaani kuweka kasi ya mwangwi kwa kukanyaga kufuata mapigo, chukua inayorudi. Ile nyingine itakudai ukanyage mara mbili kwa kila pigo, mateso matupu. Usisahau kuhifadhi.