Kabla hujabadilisha sili, tikisa valvu ya PCV
Sili ya nyuma ya krankshafti (mpira unaozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea kuelekea giaboksi) ikianza kuvuja oili, usikimbilie kushusha giaboksi. Angalia kwanza valvu ya PCV, ile ndogo ya kutolea gesi za ndani ya injini, iliyounganishwa kwa hozi na manifoldi ya kuingizia hewa. Ikiziba kwa uchafu wa oili, gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni hukosa pa kutokea. Presha hupanda ndani ya injini na oili husukumwa nje kupitia sili. Ichomoe valvu hiyo uitikise: nyingi zikiwa nzima hulia kachakacha. Ikiwa kimya, weka mpya. Kagua na hozi yenyewe, maana ikipasuka hufyonza hewa na injini hutetemeka ukisimama kwenye foleni. Na wanaoziba briza, yaani tundu la kupumulia la injini, kwa kitambaa eti isichafue injini, wanajitafutia uvujaji mwingine.