Mambo ya Kuzingatia Kabla Mtu Mzima Hajanunua Baiskeli ya Kwanza Dodoma

Mtu mzima anayetafuta baiskeli yake ya kwanza kwa kawaida hufika sokoni na swali moja tu, nalo ni la bei. Swali hilo ni halali, lakini likitangulia mengine yote humpotosha, kwa sababu baiskeli huendelea kula fedha baada ya kununuliwa, na ile iliyopatikana kwa bei ya kutupa huweza kumgharimu mwenyewe kuliko mpya kabla mwaka haujaisha. Kwa mkazi wa Dodoma yapo mambo ya kuyapima akiwa bado nyumbani, na yapo ya kuyapima kwa mikono yake mwenyewe huku muuzaji akimtazama.

La kwanza ni njia. Anayeishi Ilazo au Kisasa na kwenda mjini kwa lami hahitaji baiskeli ile ile anayohitaji mtu wa Nkuhungu ambaye kila asubuhi hukata vichochoro vya mchanga na kuvuka korongo lililokauka. Mchanga hutaka tairi pana; tairi jembamba huzama, usukani hupinda wenyewe, na mwendeshaji mgeni huanguka bila kuelewa kilichomwangusha. Anayefikiria kwenda kazini Mji wa Serikali, Mtumba, ajue kwamba ni takribani kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, kwa barabara ya Morogoro yenye malori na mabasi, tena wakati wa kiangazi upepo wa mashariki humjia usoni asubuhi anapokwenda. Jioni humsukuma kurudi, lakini asubuhi ndiyo yenye saa ya kuripoti. Kwa maoni yangu safari hiyo si ya mwezi wa kwanza, wala baiskeli ya kwanza isinunuliwe kwa ajili yake.

La pili ni mwili wa mwendeshaji. Mtoto anayejifunza huanguka na kuinuka; mtu wa miaka 40 huanguka na kwenda hospitali. Kwa hiyo baiskeli ya anayeanza iwe ile inayomruhusu kukaa kwenye kiti huku nyayo zote mbili zikigusa ardhi, hata kama baadaye, mizani ikishakaa, kiti kitapandishwa. Ukisimama wima ukiwa umeipanda katikati, bomba la juu la fremu libaki na nafasi ya vidole viwili au vitatu chini yako. Kipimo cha kiti kwa aliyekwisha kuzoea ni rahisi: weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke. Mama anayevaa dera au kanga, na mzee mwenye nyonga nzito, wachague fremu iliyoinama katikati, ambayo watu huiita ya kike, yenye kifuniko kamili cha mnyororo. Wanaume wengi huikwepa kwa aibu tu, ingawa hakuna fremu iliyo rahisi kuishukia ghafla kuliko hiyo.

Kwa jumla mnunuzi wa kipato cha kawaida atakutana na aina tatu. Ipo ile nyeusi ya chuma yenye asili ya China au India, isiyo na gia, yenye breki za fito na keria nyuma. Ni nzito, lakini imebeba magunia ya mkaa katika nchi hii kwa miongo mingi, na hakuna fundi wa kijijini asiyeijua. Ipo ya mtumba kutoka Japani, nyepesi kiasi na yenye kikapu mbele. Na ipo ile ya rangi kali, yenye gia nyingi na springi. Hii ya mwisho ndiyo huwavuta vijana, nami naishauri kwa tahadhari kubwa, kwani springi za bei nafuu huongeza uzito, hunyonya nguvu ya anayepanda mlima, na zikilegea hazina matengenezo. Anayetaka gia kwa ajili ya mwinuko wa kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma atosheke na sita au saba za nyuma.

Nikae kidogo kwenye matairi, maana hapo ndipo nilipopata somo langu. Nilinunua baiskeli ya Kijapani iliyonivutia kwa wepesi wake, na miezi mitatu baadaye tairi la nyuma likapasuka ubavuni. Nilikwenda dukani nikaomba tairi la 26, nikapewa la 26, nikalipa, na fundi akahangaika nalo kwa dakika ishirini kabla ya kuinua uso na kuniambia, “Mzee, hili si lake.” Alinionyesha maandishi ya ubavuni: la kwangu liliandikwa 26 x 1 3/8, na lile jipya 26 x 1.75. Zote huitwa 26, lakini ringi ya kwanza ina kipenyo cha milimita 590 na ya pili milimita 559, tofauti ya sentimita tatu ambayo hakuna nguvu ya mikono inayoweza kuiziba. Baiskeli nyeusi ya 28 x 1 1/2 nayo ina kipimo chake cha 635. Namba hizi za milimita huchongwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 37-590 au 40-635. Ziandike kwenye simu kabla ya kulipa, kisha pita kwenye maduka mawili matatu ya vipuri uone kama tairi la namba hiyo lipo na ni kiasi gani. Lisipopatikana, acha baiskeli hiyo hata ikiwa inang'aa.

Angalia pia valvu ya tyubu. Iliyo kama ya gari hujazwa upepo popote penye kompresa, lakini ya Kijapani huhitaji pampu yenye mdomo wake. Hili si dogo katika mji wenye mbigili. Mmea huo hutambaa pembezoni mwa njia, na tunda lake kavu, kwa jinsi lilivyoumbwa, hulala chini huku mwiba mmoja ukitazama juu. Asiye na pampu, viraka na solusheni nyumbani atasukuma baiskeli yake mara nyingi kuliko atakavyoipanda. Fedha za vitu hivyo, pamoja na kufuli, zitengwe ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Ukifika kwa muuzaji wa mtumba, usianze na rangi. Inua gurudumu, lizungushe, na tazama nafasi kati ya ringi na mpira wa breki: ikipanuka na kusinyaa, ringi imepinda. Bana spoku mbili mbili kwa vidole ukisikilizia iliyolegea. Shika mkono wa pedali na uutikise kuelekea kwenye fremu na kutoka. Ukicheza, gololi zimekwisha au, kwa baiskeli nyeusi, pini inayoshika mkono huo imelika. Pitisha kidole chini ya bomba la chini la fremu, karibu na usukani, kwa kuwa rangi iliyojikunja hapo ni dalili ya baiskeli iliyogonga mbele. Vuta mnyororo kutoka kwenye meno ya mbele: ukiinuka hadi ukaona nusu ya jino, umelika, na mara nyingi meno ya nyuma yamelika pamoja nao, hivyo utanunua vyote viwili. Kasoro kama hizi si lazima zikufukuze, ila zinakupa sababu ya kupunguziwa.

Breki zijaribiwe moja moja. Kwenye baiskeli nyingi za Japani mkono wa kulia ndio wa breki ya mbele, wakati nyingine za Ulaya ni kinyume, na anayeshuka mteremko kwa mara ya kwanza akabana kwa nguvu ile ya mbele peke yake huruka juu ya usukani. Kengele na taa ni vitu vya bei ndogo, viwepo.

Mwisho ni karatasi. Geuza baiskeli juu chini na utafute namba ya fremu, ambayo mara nyingi hugongwa chini ya ekseli ya pedali au kwenye bomba la kiti. Iandikwe kwenye risiti, na kama unanunua kwa mtu mtaani, iandikwe kwenye hati ya mauziano mbele ya mjumbe. Namba ikiwa imesagwa kwa tupa, mrudishie mwenyewe baiskeli yake na uondoke, hata kama ameshusha bei mara mbili.