Kubuni Utafiti wa Elimu na Kuyafikisha Matokeo: Mwongozo kwa Walimu wa Lamu

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayefundisha Amu, Faza, Siyu au Mokowe, ambaye ana jambo la darasani linalomshughulisha na angependa kulichunguza kwa njia itakayoaminika. Mfano nitakaoutumia ni usomaji wa Kiswahili kwa sauti katika Gredi ya Nne. Ninashikilia jambo moja kuliko mengine: utafiti upangwe kuanzia kwa mtu atakayeyapokea matokeo, kisha urudi nyuma hadi kwenye swali.

Hatua ya kwanza ni kuandika swali ambalo jibu lake litamwezesha mtu fulani kuamua jambo. Swali kama "Kwa nini watoto wa Lamu hawasomi vizuri?" halijibiki kwa muhula mmoja, na tena limekwisha kuhukumu kabla ya kupima. Lifinye hivi: "Je, wanafunzi wa Gredi ya Nne wanaosomewa hadithi dakika 15 kila siku kwa muhula mmoja huongeza maneno wanayoyasoma sahihi kwa dakika kuliko wenzao wasiosomewa?" Mwalimu mkuu akipata jibu, liwe ndiyo au la, anaweza kuamua kuhusu ratiba yake.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kuchora jedwali la matokeo likiwa tupu kabla ya kukusanya chochote. Andika safu mbili, ya waliosomewa na ya wasiosomewa, kisha vichwa vya wastani wa mwanzo, wastani wa mwisho na tofauti. Ukilitazama utaona mara moja kwamba huwezi kulijaza bila kuwapima watoto mwanzoni mwa muhula, na utaona pia kwamba maswali mengi uliyotaka kuyatia katika hojaji hayana mahali pa kuingia. Yafute, kwa sababu muda wa mzazi unayemhoji ni wake.

Hatua ya tatu ni sampuli, yaani wale wachache utakaowapima kwa niaba ya wote. Wanafunzi wengi wa vyuo hunakili jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo kwa watu 300 hutaka sampuli ya 169, pasipo kukumbuka kwamba hesabu ile hudhani kila mtu amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja na vitabu vilevile, hivyo hufanana, na kumwongeza mtoto wa thelathini kutoka darasa lile lile hukupa habari kidogo sana. Ukiweza, chukua watoto wachache katika shule nyingi.

Vibali havihitaji maelezo marefu, lakini visicheleweshwe. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Ukishaipata, jitambulishe katika ofisi ya elimu ya kaunti na kwa mwalimu mkuu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Nami nasisitiza kwamba mtoto mwenyewe pia aulizwe, na akikataa aachwe.

Hatua ya nne ni kipimo, na hapa ndipo utafiti wetu wa pwani huharibika zaidi. Mtoto wa Amu anayeona "njia" kwenye karatasi akatamka "ndia" amelisoma neno na kulielewa. Msahihishaji aliyetoka bara huenda akamwekea kosa, na wa Shela akampa alama, na tofauti hiyo ikaingia katika jedwali kana kwamba ni tofauti ya uwezo wa watoto. Kwa hiyo andika kanuni ya kusahihisha mapema, ukitaja matamshi ya lahaja za Kiamu na Kibajuni yatakayokubaliwa, kisha uwape wasahihishaji wawili rekodi zilezile kila mmoja peke yake. Asilimia ya makubaliano peke yake isikuridhishe. Tuseme kila mmoja amekubali maneno 45 kati ya 50, na hukumu zao zimelingana katika maneno 46: hiyo ni asilimia 92, ila kipimo cha kappa cha Cohen, kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha, hutoa 0.56 tu. Rudini kwenye kanuni, mjadiliane, mjaribu tena.

Ratiba ya kukusanya data ifuate bahari na kalenda ya watu. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, safari za boti kwenda Kiwayu au Kizingitini si za kutegemewa, na kumpima mtoto alasiri ya Ramadhani akiwa amefunga ni kumdhulumu.

Hatua ya mwisho ni kuyafikisha matokeo. Waanze walimu wa darasa lililohusika, maana ni aibu kwao kuyasikia kwanza kutoka kwa afisa. Wazazi waelezwe katika kikao baada ya sala ya Alasiri, kwa lugha yao, na kwa hesabu za kawaida: "watoto watatu kati ya tisa" hueleweka, ilhali "asilimia 33.3" hulipa kundi dogo uzito lisilokuwa nao. Iwapo watoto waendao chuo cha Kurani wamesoma vizuri zaidi, sema hivyo tu. Usidai chuo ndicho sababu, kwa kuwa huenda wazazi wao wanawafuatilia zaidi hata nyumbani. Kuficha jina la shule pia hakutoshi, kwani ukiandika "mwalimu mkuu wa kike wa shule ya kisiwani Ndau" kila mtu amekwisha kumjua. Yaandike maswali ya wazazi neno kwa neno, uyaambatishe kwenye ripoti utakayoiwasilisha NACOSTI, na nakala ya ukurasa mmoja uiache shuleni.